Mgonjwa wa Moyo Amerudi Nyumbani: Afanye Nini, Aache Nini?



Katika sanduku la maswali ya karatasi yetu tumepata maswali juu ya ugonjwa wa moyo. Mmoja anauliza: "Baba alipata krize ya moyo, ametoka hospitali, na sasa anakaa kitini tangu asubuhi mpaka magharibi. Je, ni vizuri?" Mwingine anauliza kinyume: "Mama ametoka hospitali majuma mawili tu, na tayari anabeba maji. Je, hakuna hatari?" Na wa tatu anataka kujua kama mtu wa namna ile anaweza bado kuvua samaki, kuimba katika kwaya, ao kucheza kisolo na wenzake.

Tumeona vema kujibu wote pamoja, sababu jibu lao ni moja. Mtu aliyepata krize ya moyo akapona, hayuko maiti ya kungoja kaburi. Lakini hayuko pia mtu mwenye nguvu kama ile ya jana. Anapashwa kurudilia maisha yake kwa kipimo: leo kidogo, kesho kuongeza kidogo. Na wale wanaokaa naye kila siku na kushika kile kipimo ni watu wa nyumba yake, maana yake sisi.

1. NI NINI INATOKEA NDANI YA MOYO?

Moyo ni nyama yenye nguvu, ukubwa wake karibu na ngumi ya mwenyewe. Unapiga kama mara 70 kwa dakika moja. Fanyeni hesabu: 70 mara 60 mara 24. Mtapata zaidi ya mara 100,000 kwa siku, na hata siku ya Mungu haupumziki. Unasukuma damu karibu litri 5 kila dakika kwenda mwili mzima. Lakini moyo wenyewe nao unataka kula. Unalishwa na mishipa midogo inayouzunguka kwa nje.

Sisi watu wa Kalemie tuko na mfano karibu. Ziwa Tanganyika linapokea mito mingi, lakini mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, ndio Lukuga. Mwaka 1874 Mwingereza Cameron alifika pale, akakuta mlango umejaa majani na matete. Mwaka 1876 Stanley naye alikuta njia imezibwa. Kisha mwaka 1879 Hore, baharia wa misioni ya Kiprotestanti ya London, alikuta njia imefunguka, maji yanakimbia kwa nguvu kuelekea upande wa Lualaba.

Mshipa wa moyo unaweza kuzibwa vilevile. Mafuta yanajikusanya pole pole katika ukuta wa mshipa, miaka na miaka, bila mtu kusikia maumivu. Siku moja lile ganda la mafuta linapasuka, damu inaganda juu yake, na njia inafungwa. Nyama ya moyo iliyo ng'ambo ya kizuizi inakosa damu. Lukuga iliweza kungoja miaka mpaka kufunguka. Nyama ya moyo haingoji. Dakika zikipita, inaanza kufa. Ndiyo krize ya moyo, na katika vitabu inaitwa shambulio la moyo.

Ile sehemu iliyokufa haioti tena. Mwili unaweka kovu mahali pake, kama vile kovu la kisu mkononi. Kovu la moyo linaomba karibu majuma 6 mpaka 8 kukomaa. Mkumbuke hesabu hii, sababu mengi yanayofuata yanatoka hapo. Majuma ya kwanza moyo uko na kidonda kibichi. Baadaye uko na kovu gumu, na nyama iliyobaki inaweza kufundishwa kufanya kazi vizuri.

Tusichanganye magonjwa. Presha ni nguvu ya damu inaposukuma kuta za mishipa. Kupooza upande mmoja ni ugonjwa wa ubongo. Krize ya moyo ni mshipa wa moyo kuzibwa. Ni ndugu, maana presha isiyotunzwa inaweza kuleta mengine yote mawili, lakini si ugonjwa mmoja.

2. UNATOKA WAPI?

Zamani wanganga wengi walifikiri kwamba ugonjwa huu ni wa Wazungu tu. Munganga Hugh Trowell, Mwingereza, alifika Kenya mwaka 1929, kisha akatumika miaka mingi katika hospitali ya Mulago, Kampala. Katika miaka ile ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa kitu cha nadra sana kati ya Waafrika aliowatunza, hata mwaka 1956, alipopata mgonjwa mmoja Mwafrika, aliandika habari yake katika gazeti la wanganga la Afrika Mashariki. Baada ya kazi yake Uganda, Trowell aliwekwa kuwa mchungaji katika Kanisa la Kiingereza. Mwaka 1975 yeye na mwenzake Denis Burkitt, aliyekuwa naye Uganda, walitoa kitabu juu ya chakula na magonjwa. Walifundisha kwamba chakula cha vijijini, kama maharagi, majani na unga usiokobolewa, kinalinda mwili kuliko chakula cheupe cha mashine.

Leo ugonjwa huu unaonekana Kampala, Dar es Salaam, Lubumbashi, na hapa kwetu pia. Damu ya Mwafrika haikubadilika. Maisha ndiyo yamebadilika: tumbako, chumvi nyingi, mafuta mengi, presha na ugonjwa wa sukari visivyotunzwa, na kukaa kutwa bila kutembea.

Tunasema haya kwa sababu moja ya maana. Katika kartie zetu, mzazi akianguka ghafula, watu wanaanza kuuliza: "Nani amemloga?" Na mara nyingi kidole kinaelekezwa kwa bibi mzee asiye na mtetezi, ao kwa mtoto yatima anayelelewa katika nyumba. Wandugu, mtoto hawezi kufunga mshipa wa baba yake. Mmeona hapo juu ni nini inaufunga. Kila mmoja wetu aliyesoma ukurasa huu, akisikia maneno yale nyumbani kwao, asinyamaze. Aseme kwa heshima, lakini aseme.

3. ZAMANI WALILAZWA, LEO WANATEMBEZWA

Sasa tujibu mwenye baba wa kitini. Mbele ya mwaka 1950 wanganga wa Ulaya na Marekani walimlaza mgonjwa wa moyo kitandani kwa majuma 6 ao zaidi. Alikatazwa kujigeuza, na wengine walilishwa kwa kijiko kama mtoto mchanga. Mwaka 1952 wanganga wawili wa Boston, Samuel Levine na Bernard Lown, waliandika kwamba wamewakalisha wagonjwa wao katika kiti tangu siku za kwanza. Wenzao waliogopa kwamba watu watakufa. Hawakufa kwa sababu ya kiti. Ikaonekana kwamba kitanda chenyewe kina hatari yake: damu inaganda miguuni na kuweza kupanda mpaka mapafu, nyama za mwili zinalegea, na mgonjwa anakata tamaa. Kiti kilikuwa hatua mbele ya kitanda. Hatua inayofuata ni kusimama.

Tazameni habari ya Eisenhower, prezida wa Marekani. Tarehe 24 Septemba 1955 alipata krize ya moyo katika mji wa Denver, alipokuwa katika mapumziko. Alikuwa na miaka 64. Wengi walisema: amekwisha. Munganga wake wa moyo, Paul Dudley White, alikuwa mtu aliyependa sana kutembea na kupanda baiskeli, na alifundisha kwamba moyo uliopona unahitaji mwendo. Eisenhower alitoka hospitali mwezi wa Novemba, akaenda kupumzika, akaongeza mwendo kwa kipimo. Kupaka rangi za picha kulikuwa burudisho lake tangu zamani. Mwezi wa Februari 1956 alirudilia mchezo wake wa golfu, na mwaka ule ule alichaguliwa tena. Alikufa mwaka 1969, maana yake miaka 13 na zaidi baada ya krize ile.

Na mfano wa watu wadogo uko vilevile. Mwaka 1953 munganga Jerry Morris alitoa hesabu za watumishi wa mabasi ya London. Dereva alikaa kutwa. Mwenzake wa kukatisha tikiti alipanda na kushuka ngazi za basi la orofa kutwa nzima. Basi lilikuwa moja, mji mmoja, lakini madereva walipata ugonjwa wa moyo kuliko wenzao wa tikiti.

Kwa hiyo jibu letu kwa yule ndugu ni hili: baba asiachwe kitini tangu asubuhi mpaka magharibi. Tunafikiri tunamheshimu kumbe tunamdhoofisha.

4. KIPIMO CHA KUTEMBEA

Kipimo kinachofuata ni cha kawaida. Kama munganga ametoa kingine, mfuate cha munganga, sababu yeye anajua kovu ni kubwa namna gani.

Juma la 1 nyumbani: kuoga na kuvaa mwenyewe, kutembea dakika 5, mara mbili ao tatu kwa siku.
Juma la 2: dakika 10, mara mbili kwa siku.
Juma la 3 na la 4: dakika 15 mpaka 20.
Juma la 5 na la 6: kufika dakika 30 kila siku.

Atembee mahali sawa, kama barabara iliyo kandokando ya ziwa. Vilima vya nyuma ya mji vingoje. Atembee asubuhi ao jioni, jua likiwa limepoa, na asitoke mara tu baada ya kula bukari. Angoje saa moja ao zaidi. Wakati wa kiangazi upepo wa ziwa ni mkali. Basi aanze safari kwa kuelekea upepo angali na nguvu, ili wakati wa kurudi upepo umsukume mgongoni.

Saa ya mkono haihitajiki sana. Kipimo kizuri ni maneno. Anapotembea, aweze kuzungumza nawe bila kukatakata sentensi. Akishindwa kumaliza sentensi moja, apunguze mwendo. Kwa hiyo mtu asitembee peke yake majuma yale. Hapa ndipo kazi ya mwanafunzi: ukitoka shule, mpeleke baba, ongea naye, usikilize pumzi yake.

5. BIDO LA MAJI NA KINU CHA SOMBE

Sasa tujibu mwenye mama. Bido la litri 20 likijaa maji lina uzito wa kilo 20. Katika majuma 6 ya kwanza mtu wa moyo asiinue zaidi ya kilo 5 hivi. Kwa hiyo bido moja ni mara nne ya kipimo! Wakati wa kuinua mzigo mzito mtu anafunga pumzi, na presha inapanda kwa ghafula juu ya kidonda kibichi. Kutwanga sombe katika kinu ni vilevile, na kufua mablanketi pia.

Baba akiugua, nyumba nzima inajua kwamba anaumwa. Mama akiugua, watu wanamwambia pole, kisha wanangoja chakula. Na yeye mwenyewe anaona haya kukaa. Vijana, tuseme wazi: kuchota maji ni kazi inayoweza kufanywa na mvulana, na kinu hakimkatai mwanaume. Mpange zamu mbele ya masomo na baada ya masomo. Mama aachiwe kazi ya kipimo chake: kuchagua maharagi, kukata mboga akiwa ameketi, kukunja nguo. Tena moshi wa mbabula si mzuri kwa moyo wake. Mbabula iwashwe nje, na mtu mwingine apulize moto.

Jambo lingine wengi wanaona haya kulisema. Kujikaza chooni pia kunafunga pumzi. Majani, maharagi na maji ya kunywa yanasaidia. Na maswali ya mume na mke katika mambo ya ndoa, wamuulize munganga bila kuogopa. Anayasikia kila mara.

6. BURUDISHO: NINI NA LINI?

Tumefika kwa swali la tatu. Burudisho si mchezo wa bure kwa mgonjwa wa moyo. Linamwondolea hofu, na linampa kipimo cha macho: juma lililopita alishona kipande cha wavu kama mkono mmoja, juma hili mikono mitatu. Anaona mwenyewe kwamba anapanda.

Kuvua samaki. Kushona nyavu ni kazi ya kuketi, na inafaa tangu mwanzo. Kuvua kwa ndoano akiwa kandokando ya ziwa kunafaa akisha kutembea dakika 20 bila taabu. Kazi ya usiku kwa mataa, kuvuta wavu wa ndagala katika baridi na upepo, hiyo ingoje miezi na ruhusa ya munganga. Na asiingie ndani ya mtumbwi peke yake. Maumivu yakimkuta katikati ya maji, nani atapiga kafi?

Kisolo na dame. Inafaa tangu juma la kwanza. Inamleta rafiki nyumbani, na hii ni dawa. Lakini wasicheze kwa franka, sababu franka zinaleta hasira, na hasira kali inasukuma moyo kama kupanda kilima.

Kwaya. Kuimba kunafundisha pumzi. Aanze akiwa ameketi, kwa sauti ndogo, nusu saa. Ngoma na kucheza vingoje. Kesha la usiku mzima lingoje pia, sababu moyo unatengenezwa katika usingizi.

Bustani. Kupanda mbegu za lengalenga, kunyunyiza maji kwa kopo dogo, kungoa majani akiwa ameketi: vyema. Kulima kwa jembe kunarudi baada ya majuma 6 mpaka 8, tuta moja moja, kwa kupumzika.

Kinga. Baiskeli ni mazoezi mazuri sana, lakini baada ya kovu kukomaa, mahali sawa, bila gunia la makala nyuma.

Redio na mpira. Hapa tunajua kwamba vijana watacheka, lakini ni kweli. Mwaka 2006, wakati wa Kombe la Dunia katika Ujerumani, wanganga wa mji wa Munich walihesabu wagonjwa wa moyo waliopelekwa haraka. Siku timu ya Ujerumani ilipocheza, hesabu ilipanda mara 2.66 juu ya siku za kawaida. Basi mzee asikilize mpira, lakini akiwa amemeza dawa zake, ameketi na watu wema, bila tumbako wala pombe. Na Mazembe ikifungwa, tusimchokoze.

Kusoma na kusimulia. Wazee wetu wanajua habari za reli, za bandari, za mji huu ulipokuwa bado unaitwa Albertville, jina lililobadilishwa mwaka 1966. Chukua daftari, uandike anayosimulia. Yeye atapumzika akiwa na kazi ya maana, na wewe utabaki na kitabu.

7. DAWA NA MAOMBI

Kuna watu wanaosema kwamba kumeza dawa ni kukosa imani. Tusome 2 Wafalme sura ya 20. Hezekia alikuwa karibu na kufa, akaomba kwa machozi, na Mungu akamwahidi miaka 15. Lakini Isaya hakuishia hapo. Aliagiza watu walete mkate wa tini, wakauweka juu ya jipu, naye akapona. Maombi na dawa vilikaa katika chumba kimoja.

Mgonjwa wa moyo mara nyingi anapewa aspirini ndogo ya kuzuia damu kuganda, dawa ya kupunguza mafuta ya damu, na dawa za kupumzisha moyo na kushusha presha. Anazimeza akiwa mzima, ili abaki mzima. Hatari kubwa ni siku anaposikia nafuu na kuziacha. Dawa nyingine zikiachwa ghafula, moyo unaruka kwa nguvu na krize inaweza kurudi. Tunajua dawa ni franka. Basi jamaa waweke franka kando mbele ya vidonge kuisha, na wamuulize munganga kama kuna aina ya bei ndogo inayofanya kazi ile ile. Mgonjwa mwenyewe asijipunguzie.

Tena angalieni dawa za maumivu zinazouzwa sokoni, kama diklofenaki na ibuprofeni. Kwa mtu wa moyo zinaweza kuleta madhara. Asinunue bila kuuliza.

Wenye uwezo wanavuka ziwa mpaka Kigoma, na toka pale wanafika Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa rasmi mwaka 2015. Huko wanaweza kufungua mshipa kwa mrija mwembamba. Wengi wetu hatutafika huko. Lakini hata aliyefunguliwa mshipa, akirudi Kalemie, atatembea kwa kipimo, atameza dawa, na ataacha tumbako, sawa na yule ambaye hakwenda.

8. CHAKULA, TUMBAKO NA MAWAZO

Chakula chetu ni kizuri kama hatukiharibu. Samaki mbichi wa ziwa, mikebuka ao kuhe, wa kuchemsha ao kuchoma, maharagi, lengalenga, matembele, sombe yenye mafuta ya ngazi kidogo tu. Kinachoharibu ni chumvi nyingi, samaki wa chumvi, zile kube za mchuzi, na kukaanga kila siku. Nyumba nzima ipunguze chumvi pamoja, ili mzazi asione kwamba ameadhibiwa peke yake.

Tumbako iachwe yote, si nusu. Mwaka mmoja baada ya kuacha, hatari inayoletwa na tumbako kwa moyo inapungua karibu nusu. Ni dawa isiyoombwa franka hata moja. Na lutuku haina kazi katika nyumba ya mgonjwa.

Kisha mawazo. Wengi waliopata krize wanabaki na woga na huzuni. Usiku wanasikiliza mapigo ya moyo wao. Wengine wanalia bila sababu, wengine wanakasirikia watoto. Tusiseme kwamba amebadilika roho. Katika 1 Wafalme sura ya 19 Eliya alichoka mpaka akaomba kufa. Malaika hakumgombeza. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akampa tena mkate na maji, kisha akamwonyesha kwamba safari ni ndefu. Chakula, usingizi, mtu wa karibu, na mwendo: nasi tufanye vile. Huzuni ikipita majuma mawili bila kupungua, munganga aambiwe.

9. ALAMA ZA KUKIMBIA

Kata sehemu hii, ubandike nyumbani.

Akiwa na uzito ao maumivu kifuani yanayobana, yakienda bega, mkono wa kushoto, taya ao mgongo, akitoka jasho la baridi, akikosa pumzi, akitaka kutapika, akizimia. Wamama na watu wa ugonjwa wa sukari wanaweza kukosa pumzi na kuchoka sana bila maumivu makali. Maumivu yakianza wakati wa kutembea, asimame, aketi. Yasipokwisha kwa dakika chache, ni hatari.

Akalishwe, nguo zilegezwe. Kama munganga hajamkataza aspirini, atafune kidonge kimoja cha miligramu 300. Apelekwe hospitali mara moja kwa motokari. Asitembee kwa mguu, asiendeshe kinga, asingoje asubuhi, wala asingoje mkutano wa jamaa. Wanaotaka kuomba, waombe njiani.

Wenye maswali mengine wayatie katika sanduku lililo mlangoni mwa chumba cha vitabu, bila kuandika jina kama wanaona haya. Na wale wanaoenda nyumbani mwisho wa juma, wapeleke karatasi hii, wawasomee wazazi wasiojua kusoma.

Sisi, Kikundi cha Afya cha Wanafunzi